Usinunue Hata Soksi

Mama mkwe wangu Tsiuri alisema: usinunue hata soksi.
Chumba kiache kilivyo,
na magunia ya viazi, na cherehani isiyo na mkanda.
Anayetandika kabla mgeni hajabisha
humkaribisha mgeni mwingine.
Nikatii. Miaka tisa nilikuwa nimemtii kila mtu:
daktari wa Kutaisi, daktari wa Tbilisi,
mtawa aliyenipa mafuta ya kupaka kitovuni,
jirani aliyeniambia nilalie ubavu wa kushoto.

Kazi yangu ni kibanda cha bati
kinachoning'inia juu ya korongo la Chiatura.
Nafunga mlango, nabonyeza kengele,
navusha wachimba migodi na vikapu vya mboga
mara arobaini kwa siku, kwa waya.
Waya ule siuogopi. Naujua hadi kikohozi chake.
Ni huu mwingine, mwembamba kuliko uzi wa buibui,
niliofungwa nao mwezi wa nne
katika chumba chenye taa ya samawati,
ndio ulionifanya nishike reli kwa mikono miwili.

Wiki ya sita: moyo, punje ya mtama inayopepesa.
Hongera, akasema daktari.
Mimi nikatazama mlango.
Hongera tulishazipokea mara mbili
na mara mbili tukazirudisha zilikotoka.

Wiki ya tisa: damu. Kidogo, rangi ya chai.
Nilijifungia choo cha kituoni, abiria wakigonga bati,
nikamwambia aliyekuwa tumboni, kwa sauti ya kazini:
Shikilia. Hatujafika.

Jina sikumpa. Nilimwita Abiria.

Usiku Jumber alidhani nimelala,
akaweka kiganja juu ya blanketi,
si juu yangu, juu ya blanketi tu,
kama mtu anayepima iwapo jiko limepoa.

Dada yangu Nanuli hupata mimba kama wengine wapatavyo mafua;
wa nne alikuja bila hodi.
Mbele yake niliona haya kusema mgongo unauma.
Uliomba mvua, angeniambia, sasa walalamikia tope?
Lakini aliyengoja mvua miaka tisa
ndiye ajuaye mafuriko yanavyoanza:
kwa tone.

Wiki ya thelathini na saba, akanyamaza.
Nilihesabu mateke: sifuri.
Nikala sukari. Sifuri.
Nikalalia ubavu wa kushoto (jirani, nakukumbuka). Sifuri.
Kibanda kilikuwa kimesimamishwa kwa ukungu.
Jumber akanishusha kwa ngazi za mlimani,
vipandio mia mbili na kumi, vyenye barafu,
yeye akihesabu kwa sauti, mimi kimoyomoyo,
kila mtu na hesabu yake.

Kisha pazia la kijani. Kisha mikono
kama ya mtu anayetafuta ufunguo katika mkoba wangu.
Kisha kimya.
Kimya kile nakijua. Ni cha umeme unapokatika
katikati ya korongo:
watu kumi na wawili, hakuna anayethubutu kukohoa.

Akakohoa. Yeye.
Halafu akalia kwa hasira,
kama aliyepitishwa kituo chake.

Msichana. Kilo mbili na nusu. Sikio moja limekunjika.
Nilidhani nitalia; nikauliza ni saa ngapi.
Furaha haikuja siku hiyo, wala kesho yake.
Usiku nilimwamsha mara saba
kuhakikisha kwamba ni usingizi.

Siku ya sita, tukiwa nyumbani,
Jumber alinunua kitanda soko la ng'ambo,
na Bezhan, mwenzangu wa zamu,
akakataa kukipakia bila tiketi.
Nilikiona kutoka dirishani:
miguu minne imechomoza nje ya kibanda,
chini mto mweusi kwa vumbi la mgodi,
kitanda kitupu hewani
kikiyumba, kikiyumba,
kikifika.
Hapo ndipo nilipocheka hadi mshono ukauma.

Soksi bado hana.
Amevaa ya baba yake, moja tu,
miguu yote miwili ndani,
imevutwa hadi kwapani.