Jibu kwa Shaame

Umeniuliza mbele ya wateja, Shaame,
mkono mmoja bakuli, mkono mmoja simu:
"Shangazi, ile filamu ya yule bwana wa kuku,
inafaa, au nisiunguze bando langu?"
Nikakwambia ngoja. Ukwaju ulikuwa unachemka,
na swali kama hilo halijibiwi na mtu aliyeshika upawa.

Sasa nimekaa. Sikiliza.

Tuliitazama kwa Mize, Machomane,
sie wanawake watano na kompyuta ya mwanawe
iliyoegeshwa juu ya pipa la mchele.
Yule mchezaji anajua kazi yake, hilo simnyimi.
Ana macho ya mtu anayekuhesabia tonge.
Anaingia kibandani kwa mjane, anaagiza paja moja,
hali.
Analipasua, analinusa, anatazama saa:
dakika ngapi mafutani, dakika ngapi mkononi,
wangapi mlangoni wamechoka wakaenda zao.
Kuku wa watu amepoa mezani. Niliumia, wallahi,
kuliko alipokuja kumlia mjane jina lake.

Maana alilila. Si mapishi tu, Shaame. Jina.
Alimsainisha juu ya boksi la kuku,
kalamu ikiteleza kwenye mafuta,
na mwezi wa pili ubao ukawaka taa
katika mji ambao mjane hajaukanyaga,
jina ni lake, herufi kwa herufi,
na akienda kula pale atalipa kama mpita njia.

Angejua Kiswahili angesema: mla ni mla leo.

Ukinitaka kasoro, ninazo.
Saa mbili nzima watu wanakaanga na hapana anayekohoa.
Hapana mafuta yaliyomrukia mtu.
Mie mkono wangu huu una madoa kumi na moja
na kila doa nalijua lilikuwa bajia ya nani.
Na hapana anayeonja! Filamu ya chakula,
haina hata ulimi mmoja.

Lakini nikwambie lililoniibia usingizi.
Pale anaposimama mbele ya mabwana wa benki,
suruali imepauka, mara ya saba anakataliwa,
nilimwombea dua.
Mie, Riziki binti Faki,
niliyechukuliwa urojo wangu na Asaa
(unamkumbuka Asaa, akinimenyea mbatata,
leo ana maduka matatu Unguja
na ukwaju wangu umo ndani ya chupa zake),
mie huyo nilikaa na bisi mkononi
nikisema moyoni: wabane, wabane, usirudi nyuma.
Mjane alikuwa bado analia pembeni ya kioo
nami nilishamsahau.

Ndipo akanijia Bi Chumu.
Wewe hukuwa umezaliwa. Alikuwa na meza yake stendi,
kachori zake nyepesi kama pamba.
Akafiwa na mumewe, akakaa eda.
Mwezi wa kwanza pahala pake palikuwa patupu.
Mwezi wa pili meza yangu ilikuwa pale.
Kivuli kizuri. Sikumsukuma mtu.
Alipotoka alisimama akaitazama,
akanunua bakuli moja, akalipa,
akasema chumvi imekaa sawa.

Mjukuu wake ndiye yule wa juisi,
anayesimama na ndoo juani, ng'ambo ya barabara.

Mwisho wa filamu siujui. Umeme ulikatika
yule bwana akiwa mlangoni kwa mjane,
kofia mkononi, mdomo umeshafunguka.
Mize akasema gizani: kaja kuomba radhi.
Mwanawe akasema: kaja kununua na nyumba.
Sie wengine tukatafuta viatu kwa miguu.

Basi kaitazame. Bando litarudi.
Ila ukifika pale mlangoni
usije ukanihadithia.
Na kesho uje mapema, kabla ya magari ya Wete.
Kuna meza ya kusogeza, nzito,
na mie mgongo huu.