Safu ya Mkono

Fundi Lali amekaa juu ya ubao wa injini,
ameishika nozeli kama mtu ashikaye jino la mtoto,
ananitajia bei bila kunitazama.
Elfu kumi na nne. Mkono wake mbali.

Chombo chetu hakivui. Kazi yake ni wageni:
kuwapeleka Manda Toto wakachungulie samaki kwa miwani,
kuwalisha kaa wa kuchoma mtangani, kuwarudisha Shela
kabla ngozi zao hazijageuka rangi ya kamba aliyechemshwa.
Kina matakia, kina tandabelua la turubai,
na chini ya matakia silinda tatu za dizeli
ambazo marehemu mume wangu alizikuta Mpeketoni
zikisukuma maji shamba la ndizi.

"Injini hii," Famau akisema, "haili."
Na daftari lake lilimuunga mkono.
Ninalo hapa, mwandiko wa kuegemea kushoto:
Dizeli lita kumi na mbili, kwenda na kurudi.
Oili. Filta mbili. Mpira wa pampu.
Mwaka mzima, ukurasa na nusu.
Jirani yetu Kupi, mwenye mashine ya petroli ya kuning'inia nyuma,
alijaza madaftari mawili na bado akaja kuazima peni.

Tulimvuta Kupi mara ngapi!
Mara ya mwisho ni mlangoni mwa Mkanda, maji yanakupwa,
wageni wake sita wamejifunga majaketi ya kuokolea,
yeye anavuta kamba, anavuta, plagi zimelowa,
na sisi tukatokea, duk-duk-duk, mwendo wa punda aliyeshiba.
Famau akamrushia kamba bila neno.
Neno alilitoa usiku, kwangu: "Unaona?"

Niliona. Sikuwa nimeona yote.

Sasa ana miezi kumi na mmoja kaburini
na injini imeanza kula.
Januari, pampu. Machi, maji ndani ya dizeli,
tangi likang'olewa likaoshwa. Juni, gasketi.
Leo nozeli. Na kila mstari una mwenzake chini yake:
Lali, mkono. Lali, mkono. Lali na kijana wake, mkono.
Shemeji Bunu alileta ushauri kabla ya chai:
"Uza chuma hicho. Kimekufa na mwenyewe."

Nikamuuliza Lali, asiye na sababu ya kunidanganya
maana pesa yake ataipata niuze nisiuze,
imeharibika lini?
Akapangusa spana. "Haijaharibika, Mwana Esha.
Iko vilevile. Dizeli haifi ghafla,
huugua polepole, na hutaka mtu wa kuisikiliza.
Mumeo alikuwa akilala na sikio moja humu."

Ndipo nilipozikumbuka zile alfajiri:
upande wake wa kitanda baridi,
kikoi kinanuka harufu iliyoishinda sabuni ya mche,
na yeye tumboni mwa chombo, tochi mdomoni,
anakaza, analegeza, anayamwaga maji ya filta
tone kwa tone, anaibembeleza kwa Kiamu cha bibi yake:
"Ndoo, ndoo, usinitie haya."
Asubuhi, daftarini: Filta, mia sita.
Kana kwamba ilipanda yenyewe ikajifunga.

Usiku huu nimerudi ukurasa wa kwanza, na rula.
Nimepiga mstari kando, safu mpya, nikaiandika MKONO,
nikaanza kumlipa.
Nusu siku, kwa bei ya Lali. Usiku mzima.
Usiku wa harusi ya dada yangu, alioukosa akasema ni mafua.
Nilifika mwezi wa tatu wa mwaka wa pili, nikaweka peni chini:
hesabu ilikuwa imeshampita Kupi.

Siuzi. Wala usidhani ni mapenzi,
mashine mpya ni laki nne na ushei, na petroli haijui kushuka.
Kesho nina wageni wanne, saa mbili asubuhi.
Mwanangu Shee, ambaye dini yake ni simu,
leo alimshikia Lali taa mpaka mkono ukafa ganzi.
Nilimpa noti. "Za nini, mama?"
Sikumjibu. Nilikuwa naandika:
Shee, mkono, taa tu: 500.