Fremu ya Tisa

Wiki ya kwanza nilipewa mpira.
Mpira tu, usio na timu wala jezi,
udunde mara nne, kisha utulie.
Nikauchora usiku kucha, Ilala Bungoni,
LUKU ikilia ukutani kama kifaranga aliyepotea,
na alfajiri ukadunda kweli,
ukadunda kama puto la harusi.

Jumamosi tukakutana stesheneri kwa mjomba wake Tunu,
mashine ya fotokopi imezimwa, mgongo wake bado una joto.
Lwitiko akautazama mara tatu, anatafuna karanga.
"Huo si mpira," akasema. "Hiyo ni habari ya mpira."
Nikacheka pamoja nao.
Kicheko kikanikaa kooni hadi Jumanne.

Jumanne nikakaa kibarazani kutazama watoto wa chandimu.
Mpira wa soksi hauna haraka ya kurudi ulikotoka:
unaanguka, unajibana, unafikiri kidogo,
kisha unapanda nusu ya ulivyoahidi.
Nikahesabu kwa vidole. Nikafuta. Nikachora.
Nikafuta.

Wiki ya tano, kiroba cha sembe.
Kilo tano, hakina uso, hakina mikono,
na kinatakiwa kihuzunike.
Pili wa Keko alikikunja pembe moja tu, ile ya kulia,
kama sikio la mbwa aliyefokewa,
tukanyamaza wote sita.
Changu kilifanana na mto wa kulalia.
"Umekipa huzuni," Tunu akaniambia, "unga hujakitia."
Naye chake, kila kikiruka, mshono ulihama ubavu.
Nikamwonyesha. Akashukuru, akaandika kwenye kiganja.
Sikujua kama jicho langu
limeshaanza kuota meno.

Sasa mtu. Atembee tu, hatua mbili zijirudie.
Nikamchora mwanamke na beseni la vitumbua kichwani,
kanga kiunoni, ndala zinazopiga kisigino.
Siku kumi na moja nilikaa naye.
Nikampeleka Jumamosi, maoni yakaninyeshea:
mguu wa kushoto unachelewa,
nyonga inashuka kabla ya wakati,
fremu ya tisa, jamani, fremu ya tisa.
"Linganisha miguu," Lwitiko akasema.
"Mtu si mkokoteni wenye gurudumu bovu."

Nikaitikia.
Nyumbani nikafungua faili,
nikaukamata ule mguu kwa kipanya,
nikauvuta mbele hadi ukalingana na mwenzake.
Akatembea vizuri yule mwanamke.
Akatembea kama mtu yeyote.
Nikabonyeza tengua.
Mpira nilikubali, kiroba nilikubali,
hili, hapana.

Alhamisi Lwitiko akaja kufuata flashi yake.
Mama ndiye aliyefungua geti.
Akamkaribisha, akageuka, akatangulia uani,
beseni kichwani, na ule mguu
uliovunjwa na bodaboda Tabata Relini
ukafuata nyuma kwa wakati wake wenyewe.

Lwitiko akabaki getini.
Niliona midomo yake inahesabu.

Alikunywa chai, akala vitumbua vitatu, akasifu iliki.
Mama akamuuliza kwao ni wapi, akasema Tukuyu,
Mama akauliza bei ya viazi huko, hakuijua.
Samahani hakusema; si mtu wa hivyo.
Ila alipoinama kuvaa viatu akanivuta shati:

"Ongeza fremu mbili pale kwenye tisa.
Hujauchelewesha vya kutosha.
Halafu beseni, kaka, umelikosea kabisa,
umeliyumbisha. Mtazame vizuri:
mwili wote unahangaika
ili beseni lisijue."