Mlango wa Mbao Nyepesi

Nyumba yetu ya tamthilia haina dari.
Ukitazama juu unaona nyaya, taa, na fundi Alasdair
ameketi kileleni mwa ngazi anakula mkate wa soseji.
Palikuwa ghala la mazulia, huku Sunderland;
siku za mvua bado pananuka sufu.

Mimi kazi yangu ni kukumbuka.
Kikombe kilikuwa mkono upi, nywele zilifungwa vipi,
chozi lilifika wapi kabla ya kuambiwa "kata",
ili kesho lianzie hapohapo.
Wananilipa kwa hilo. Zamani nilikumbuka bure.

Wiki ya kwanza walimletea mtoto sanduku
jekundu, lenye magurudumu, la kuingia nalo makaoni.
Nikasema, sisi tulikuja na mfuko mweusi wa taka.
Wakanyamaza. Philippa akaandika.
Kesho yake mfuko ukaja, umetuna vizuri,
umejazwa sponji, mtoto asiumie bega.
Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, walisema wahenga;
hawakujua kuna watu wa kuujaza huo usufi
na kutoa risiti.

Mengine waliyakubali:
droo ya visu yenye kufuli,
majina kwenye maziwa ndani ya friji,
ubao wa zamu, nani anaondoka saa nne usiku, nani anaingia,
maana mama wa makaoni ana saa yake ya kutoka.

Ila mlango waliukataa.

Niliwaambia: milango ya makao haibamiziki.
Sheria za zimamoto. Juu kuna mkono wa chuma.
Unausukuma kwa hasira zote za miaka tisa
nao unajifunga polepole,
polepole,
kama mgeni mwenye adabu,
mpaka hasira inakuishia kiganjani
na wewe bado umesimama unausubiri,
na kule ukumbini Maureen anauona uso wako wote
ukipungua, ukipungua.
Kisha: tk.

Philippa akacheka kwa upole.
"Lakini mpenzi, lazima aubamize.
Watazamaji watajuaje kwamba ameumia?"

Sikuwa na jibu. Maureen Heslop alijuaje?
Aliandika tu. Kitabu cha zamu, kalamu ya buluu.
Nilipotimiza miaka ishirini na sita niliomba faili langu,
likaja kwa posta, mistari mingi imefunikwa wino mweusi,
na katikati ya weusi huo:
"Saa saba na dakika arobaini usiku. Bado yu macho.
Nimempa chai. Hatukuzungumza."
Na siku waliyoniambia mama haji tena:
"Amekula vizuri."

Leo Corey ameubamiza mara kumi na nne.
Ana miaka kumi, ana mama anayemngoja na koti la mvua.
Kila mara ukuta unatikisika, picha ya farasi inaanguka,
nami naiokota, naitundika kama ilivyokuwa,
pembe ya kushoto chini kidogo.
Anaigiza vizuri, sitaki kumnyima haki yake.
Lakini itakaporushwa, saa kumi na moja jioni,
mahali fulani, labda Hartlepool,
watoto sita watabanana kwenye kochi moja
na mmoja atauliza, "Mlango gani huo?"
Wengine watacheka.
Watanicheka mimi, wasionijua.

Walipokwenda kula nikabaki.
Nikashika kitasa. Mlango mzima mwepesi
kama kasha la viberiti.

Nikaubamiza.

Farasi akaanguka. Alasdair akauliza kutoka ngazini,
"Nini hicho?"
"Upepo," nikasema, ndani ya ghala lisilo na dirisha.
Naye, Mungu ambariki, akaendelea kutafuna.

Kisha nikalifungua daftari langu la kazi,
nikajaza safu ya mwisho:
"Saa saba na dakika kumi mchana. Mlango.
Mtu mzima, mmoja.
Hajala."