Kiunzi cha Nane

Aprili ilipoingia alianza kuja mazoezini na harufu.
Nizwa, baada ya isha, taa za uwanja zinavuma,
Ghaniya anainama kwenye vigingi vya kuanzia,
vidole vimechanjwa na miiba,
ananukia kama bi harusi.

"Umetoka wapi?"
"Saiq, mwalimu. Kwa shangazi."
Huko juu mlimani mawaridi huchumwa
jua lisijeyaona,
halafu tanuri la udongo, sufuria ya shaba, moshi machoni,
na marashi yanayokuja tone, tone,
mtu unangoja.
Saa nzima ya kona kupanda, saa nzima kushuka,
na mimi hapa namfukuzia nukta ya sekunde.

Nikamwambia: mshika mawili, moja humponyoka.
Akafunga kamba za kiatu.
"Na mwenye moja tu, mwalimu, likimponyoka?"

Nikaandika daftarini kama karani wa forodha.
Siku za mawaridi: hamsini na saba nukta tisa.
Siku za kulala: hamsini na saba nukta tisa.
Ukurasa ule niliuchana.

Picha yake na kikapu ikazunguka kwenye simu za watu.
Shirikisho likapiga.
Mjomba wake akapiga kutoka Ruwi,
kwa Kiswahili chake cha Wete kisichozeeka:
"Hebu nambie, mwana huyu ni mkimbiaji au muuza marashi?"
Nikacheka naye. Nilicheka sana.

Doha.
Njia ya tano, upepo wa ubavuni, jasho kabla ya bunduki.
Viunzi saba alivipita kama mtu anayeruka vizingiti vya kwao.
Cha nane kikamdaka kisigino.
Mkono, goti, shavu, chini.
Akainuka, akamaliza wa mwisho,
akasimama akipangusa changarawe ambazo hazikuwepo.

Mawaridi, wakasema.
Jukwaani, kwenye basi, mezani kwenye chakula cha usiku:
mawaridi.
Nami nikainamisha kichwa
kama mfiwa anayepokea pole.

Hakuna aliyeniuliza habari za hatua.
Wiki tatu kabla ya safari nilimpunguzia,
kutoka kumi na sita hadi kumi na tano
kati ya kiunzi na kiunzi.
Wazo langu, peke yangu, usiku, na kikombe cha kahawa.
Alinijia siku ya nne:
"Mwalimu, mguu unafika umeshachoka."
Nikamwambia, bila kuinua macho kwenye saa:
"Hayo ni mawaridi yako."

Mwaka huu hakupanda mlimani.
Analala mapema, anakula ninachompimia.
Anakimbia vizuri. Vizuri tu.
Jana, kabla ya kuinama,
nilimwona akivileta viganja puani,
kisha akavishusha, akavipangusa suruali.

Nilifungua mdomo.
Nikasema: "Tayari?"

Daftari li wazi magotini.
Hatua bado kumi na tano.