Nyumba Juu ya Maji

Alhamisi, saa moja jioni, chini ya kanisa,
hita inakohoa kabla haijaamua kuwaka.
Tunavua buti za theluji mlangoni, jozi kumi na moja,
tunaingia na soksi, kama watu waendao kumtazama mgonjwa.

Fremu imelazwa juu ya meza mbili za bingo.
Gunia limewambwa juu yake, kavu kama ngoma.
Lilikuwa la viazi. Ukiinama uvunguni
bado utasoma uzito wake.

Dulcie amekuja na koti la marehemu Ambrose.
Analikunjua, anapapasa mifuko:
njiti ya kiberiti, risiti ya misumari.
Hakuna anayethubutu kushika mkasi.
Basi anakata mwenyewe, kuanzia mkono wa kushoto,
ule, anasema, aliozoea kuuegemeza dirishani mwa gari.
Tepe nyembamba, upana wa tambi,
na chumba kizima kinanuka tumbaku na mvua ya zamani.

Kazi yenyewe ni rahisi kueleza:
kulabu inashuka, inapapasa gizani,
mkono wa chini unaipa kitambaa,
kulabu inapanda na kitanzi.
Kitanzi kisichomnyonga mtu.
Kisha kingine. Kisha kingine. Usihesabu.
Anayehesabu huchoka kabla ya chai.

Mwaka huu tunalitengeneza ghuba letu, Ghuba la Harrow,
kila mtu na nyumba yake.
Tuligombana mwezi mzima kuhusu bahari.
Buluu, alisema Philomena, mwenyekiti.
Buluu ya wapi? akauliza Verna,
mikono yake ya manjano hadi kwenye viwiko
kwa kupika maganda ya vitunguu.
Hapa Nyufaundlandi bahari ni kijivu,
na ikijitia uzuri ni kijani ya chupa.
Tukapiga kura. Kijivu, saba kwa nne.

Nyumba yangu imetoka na dohani iliyoinama.
Nimeiacha. Dohani yenyewe imeinama.

Lakini Hedley, mwanamume pekee kati yetu,
vidole vinene vya fundi wa injini,
aliiweka nyumba yake katikati ya maji.
Nyeupe, madirisha manne, ukumbi wa mbele,
na chini yake kijivu kitupu.
Hedley, umekosea, nchi kavu iko huku.
Hakujibu. Alikuwa na tepe kati ya meno.
Wiki mbili tukanong'ona: macho yale, umri ule.
Philomena akajitolea kuifumua akiwa hayupo.

Nadhani alisikia. Leo ameitoa tepe mdomoni.
Nilikuwa na miaka sita, anasema,
serikali ilipotuambia kisiwa chetu kimekwisha.
Baba alifunga mapipa matupu chini ya nyumba,
wakaivuta kwa boti tano hadi huku.
Mimi nilikaa boti ya nyuma, nikaiona yote, pande zote,
na lile ua jekundu la mama kwenye kopo dirishani,
halikumwagika hata tone.
Ilipofika pwani ikawa nyumba tu.

Birika lilipiga mluzi, na hakuna aliyeliendea.
Verna akachakura kapu lake,
akapata kipande chekundu kisichozidi kidole,
akamsogezea bila kumtazama.
Dulcie akavuta kiti upande wa pili.
Baba yake Ambrose alikuwa boti ya pili, akasema,
na kwa sufu nyeusi ya lile koti
akaanza kamba, kutoka kizingiti cha nyumba
kuelekea ukingo.

Zulia likiisha litapigiwa bahati nasibu,
tununue hita mpya.
Hedley amekwisha chukua tiketi arobaini.
Sisi wengine, bila kuambizana,
hatujanunua hata moja.
Philomena anauliza fedha zitatoka wapi.
Tunavuta vitanzi. Hita inakohoa.