Mshika Kamba

Zamani hapa Ubaruku ukisema mashine
mtu alikuuliza, ya Kihwele au ya darajani?
Zote mbili zilikuwa za kukoboa.
Unatia gunia, unapokea mchele,
na pumba ni zako, za kuku.

Mwezi wa saba, majaruba yakishakauka
na nyayo za ng'ombe zimeganda kwenye tope kama vikombe,
tulikimbiza punda kando ya mfereji mkuu,
kutoka lango la maji hadi kwa Kihwele.
Zawadi: madebe sita ya mpunga, na kanga ya mke wa mshindi.
Mimi na Ndelwa tulishika kamba,
miaka kumi na mmoja, yeye ng'ambo ile, mimi hii,
na punda alipoigonga kwa kifua
nilisikia mkono wa Ndelwa ukinijia kupitia katani.

Watu walibishana. Lo, walibishana!
Mama Sikujua alisoma masikio.
Lukelesha aliinama juu ya mavi, akanusa,
huyu kala pumba, huyu kala majani matupu,
na watu wazima wakawekeana debe kwa debe
juu ya mnyama ambaye walimjua mama yake.
Kamari? Ndiyo, kamari. Sijasema tulikuwa malaika.

Ukaja mwaka mpunga ulioungua shambani.
Zawadi ikakosekana.
Kihwele akaleta madubwi matatu kwa fuso,
akayapanga barazani, pale pale penye mstari wa mwisho.
Kila mia mbili inayoingia, alisema, fungu lake ni la mbio.
Na hakutudanganya.
Mwaka ule mshindi alipata laki nne.
Uliofuata, laki saba.
Wakaja punda wa Rujewa, wa Igurusi, hata wa Madibira,
wamenona, wamepakwa mafuta hadi kwato.

Punda walikuja. Watu wakageuka.

Hawakwenda mbali. Wako hatua sita kutoka kwenye kamba,
nawajua kwa migongo:
shati la kijani la Lukelesha, limepasuka kwapani;
Mama Sikujua, na mjukuu mbelekoni
anayetazama nyuma, kidole mdomoni.
Huyo mtoto ndiye mtazamaji wetu.

Shika, narudi sasa hivi, alisema Ndelwa.
Ncha yake nikaifunga kwenye nguzo ya umeme.
Nguzo haina mapigo.

Juzi Sitaki, punda jike wa Jilala,
mwenye jicho moja, mwenye umri wa kustaafu,
alichomoza kwenye vumbi peke yake,
kawaacha wapakwa mafuta kule kwenye mikaratusi.
Alikuja, alikuja,
kamba ikakatika,
na makelele yakalipuka! Vigelegele! Mtu akapiga bati!
Jilala akainua mikono miwili, akageuka kuwashukuru.

Lilikuwa dubwi la katikati limetapika.
Ndimu tatu zimejipanga mstari,
sarafu zinaanguka kwenye beseni
kama mvua ya mawe.

Laki tisa zake alilipwa kwa sarafu hizo hizo,
zimejazwa kwenye debe, kumbukumbu ya zamani.
Kila mia mbili ina simba wawili.
Wakampakia Sitaki simba elfu tisa.

Hakufika nazo mbali. Alimfunga barazani,
akaingia kujaribu kidogo tu, ya bahati.
Akatoka, akachota, akarudi ndani.
Akatoka, akachota.
Na kila alipochota mzigo ulipungua,
na Sitaki, ambaye hajui hesabu,
alishusha pumzi, akatikisa masikio,
akawa kama punda anayependwa.

Mimi nimekunja kamba, nimeunga palipokatika.
Siku hizi kushika kamba kuna ujira.
Ninayo moja mfukoni, imepata joto la paja.
Ndelwa ananipungia bila kugeuka,
njoo, anasema, hii imekaribia kutema.